Usimsamehe Kwanza

Watu wa Kitnasar, kijiji chetu cha jangwani, wananiita Nesi-bai, yaani bibi nesi. Nimewazalisha wake zao miaka kumi na minne, nimewachoma sindano wao na watoto wao, na bado wako wanaume hapa ambao hawanywi maji mkononi mwangu kwa sababu baba yangu alikuwa mfumaji, na wafumaji kwao ni tabaka la chini. Sindano wanapokea, maji hawapokei. Zamani nilikuwa nakasirika, siku hizi nacheka. Nalisema mapema ili ijulikane nilivyoingia katika ua ule siku ile, mwanamke, tena wa tabaka langu, bila hata kupiga hodi.

Ilikuwa saa nne asubuhi, mwezi wa Aprili, Pemi mke wa Ugmaram alipofika zahanati mbio, mtandio umemteremka mpaka mabegani. Pemi sijawahi kuuona uso wake wote barabarani. Hilo peke yake lilinitosha kujua kwamba kuna jambo.

"Nesi-bai, wanamnywesha kasumba!"

"Nani? Mumeo? Si aliacha?"

"Aliacha! Miaka miwili hajailamba. Leo wanapatanishwa na Kheraj mdogo wake, naye anamnywesha kiganjani, na wazee wanashangilia. Kiganja kimoja kwa kila mwaka waliokosana."

"Wamekosana miaka mingapi?"

"Tisa," akasema Pemi, akaanza kulia.

Huku kwetu ugomvi haumalizwi kwa maneno matupu. Kasumba, yaani afyuni, husagwa, hulowekwa, huchujwa kwenye kitambaa mpaka yatoke maji meusi. Anayetaka amani huyamimina katika kiganja chake cha kulia, na anayepewa huinama akayanywa humo humo mkononi mwa mwenzake. Serikali inakataza, lakini serikali haijawahi kualikwa. Viganja vitatu ndiyo desturi, na kukataa ni sawa na kumtemea mtu mate usoni mbele ya ukoo wake. Tisa sijawahi kusikia. Hiyo ilikuwa mbwembwe ya siku ile, na mbwembwe za wanaume zimenipa kazi nyingi maishani.

Kisa cha ndugu hawa kila mtu anakijua. Baba yao alipofariki, Kheraj, aliye mdogo, alikuwa Surat, mji wa mbali, kwenye viwanda vya nguo. Akapanda treni, akapanda basi, akatembea kilomita sita za mwisho kwa miguu, akakuta majivu. Ugmaram alikuwa ameuwasha moto wa kumchoma marehemu, kama ilivyo mila yetu, bila kumngojea. Tangu siku hiyo ukajengwa ukuta katikati ya ua, na Kheraj akaapa kwamba atakayelitaja jina la kaka yake mbele yake atakuwa adui yake. Sasa binti yake alikuwa anaolewa baada ya siku kumi, na mtoto hawezi kutoka nyumbani bila baraka ya baba yake mkubwa. Ndiyo maana kiapo kikavunjwa.

Nilikimbia na mkoba wangu, Pemi nyuma yangu, na njia nzima nilikuwa naikumbuka sauti ya Daktari Vyas. Huyu ndiye aliyeendesha kambi ya kuacha kasumba miaka miwili kabla, pale shuleni, siku kumi za watu kutetemeka na kutapika, Ugmaram akiwa mmoja wao. Daktari alipenda kuchora. Alituchorea ubongo ubaoni, akaweka nukta moja chini kabisa, karibu na kisogo.

"Hapa kuna seli chache," alisema, "hazijazi hata ncha ya kijiko. Ndizo zinazokuvutia pumzi mchana na usiku bila kukuomba ruhusa. Na zinasemeshwa na kemikali za ubongo wenyewe. Ukiwa macho, ukiogopa, ukikasirika, zinamwagika kemikali za kuzihimiza, na pumzi zinakwenda. Ukilala, mhimizaji naye anapungua. Zipo na za kuzituliza. Hata kasumba ubongo unatengeneza ya kwake, kidogo tu, ya kupoza maumivu. Hii mnayoinywa nyinyi inakalia kiti kile kile, ila inakuja kwa ndoo."

Akatuambia kwamba mnywaji wa kila siku seli zake huzoea ile ndoo, huwa sugu. Akiacha, usugu unaondoka, zinarudi kuwa laini kama za mtu ambaye hajawahi kuonja. Halafu akalipigia mstari jambo moja, akatutazama mmoja mmoja: mtu aliyeacha, kipimo chake cha zamani ndicho kitakachomuua. Alipoondoka aliniachia vichupa viwili vya dawa inayoiondoa kasumba kwenye kile kiti. Nilivifungia kabatini, nikaviandika tarehe, nikaomba nisivihitaji; sasa vilikuwa mkobani mwangu.

Uani kulikuwa na wanaume kama arobaini juu ya mazulia, vilemba vyekundu na vya njano, vicheko. Ugmaram alikuwa ameegemea mto, kidevu kifuani, akitabasamu. Tabasamu lile lilinitia baridi. Midomo yake ilikuwa imeanza kuwa na rangi ya majivu.

"Nesi-bai, toka," akasema Bhomji, mzee aliyeongoza upatanisho. "Haya ni mambo ya wanaume. Mtu amelewa amani, mwacheni alale."

"Mzee Bhomji, huyu akilala hapa mtakuja kumwamsha kwa kuni."

Vicheko vikakatika. Nilipiga magoti, nikashika kifua chake, nikatazama saa. Pumzi nne kwa dakika nzima. Nilimfunua jicho, mboni imekuwa ndogo kama punje ya haradali.

Kheraj alikuwa bado amekaa mbele yake, mkono wa kulia umelowa weusi mpaka kwenye kifundo. Mtu mnene, mwenye sauti nzito ya kiwandani, na siku ile alikuwa amevaa shati jipya.

"Kwani kuna nini?" akauliza. "Mimi nakijua kipimo cha kaka. Alikuwa anakunywa mara mbili ya hiki halafu anaenda kulima!"

"Lini?"

"Zamani..."

"Zamani lini, Kheraj? Umeongea naye lini mara ya mwisho? Aliacha! Ana miaka miwili hajagusa! Mpaka mbuzi wa kijiji hiki wanajua, hujui wewe peke yako!"

Akanitazama kama mtu aliyepigwa kofi. Hakujua kweli. Nani angemwambia, wakati jina lenyewe lilikuwa haramu masikioni mwake? Lakini wazee walijua. Bhomji alijua. Waliona ni siku moja tu, heshima kwanza, kesho ataacha tena. Mpaka leo nikikutana na Bhomji njiani salamu yangu inamfikia ikiwa fupi.

Upande wa Ugmaram watu walianza kusimama. Mmoja akasema kwa sauti, "Amemlisha sumu." Mwingine akaokota fimbo. Niliwatolea uvivu, nikawaambia anayetaka kupigana atoke nje kwani anamalizia hewa mgonjwa wangu. Nikavunja kichupa cha kwanza, nikamchoma kwenye paja kupitia nguo.

Dakika tatu. Nne. Kisha Ugmaram akavuta pumzi moja ndefu yenye kelele, akafungua macho, akakohoa, akauliza kwa hasira kwa nini amezungukwa kama mzoga. Ua mzima ukalipuka kwa furaha. Wakaanza kugawa sukari guru. Kheraj akakiinamisha kichwa miguuni kwa kaka yake, na Bhomji akanitazama kwa jicho la kuniambia, umeona?

"Msishangilie," nikasema. "Dawa yangu inadumu nusu saa, pengine kidogo zaidi. Kasumba iko tumboni, itaendelea kuingia mpaka alasiri."

Nilikuwa nimeshapiga simu ya gari la wagonjwa. Kilomita sabini, na upepo wa wiki ile ulikuwa umemwaga mchanga juu ya barabara sehemu mbili. Dereva aliniambia atatumia muda wa saa tatu, akiwa na bahati saa mbili na nusu.

Baada ya dakika thelathini na tano Ugmaram aliacha kujibu maswali. Kidevu kikashuka. Nikamchoma kichupa cha pili, cha mwisho. Akarudi, safari hii bila hasira, amechoka, akaomba maji na Pemi akamnywesha. Saa sita kasorobo akaanza kwenda tena, na mimi mkobani nilikuwa nimebaki na pamba, na ule mfuko wa kupulizia vichanga wanaozaliwa bila kulia. Barakoa yake ni ndogo kuliko kisahani. Nilimwekea puani, nikambana mdomo, nikaminya. Hewa yote ikapita pembeni.

Nikaona ndiyo mwisho, siwezi kusema uongo. Kisha nikakumbuka jambo dogo ambalo daktari alilitaja mlangoni wakati anaondoka, kwamba aliyenyamazishwa na kasumba hana kizuizi kifuani. Mapafu mazima, misuli mizima, ila hana hamu. Ukimwamrisha, na akisikia, atavuta.

"Ugmaram! Vuta pumzi!"

Akavuta.

Nikangoja. Hakuna kitu. "Vuta!" Akavuta tena.

Basi tukaanza hivyo. Nikiita, anavuta, nikinyamaza, kifua kinatulia na midomo inageuka. Kila sekunde sita, saba. Lakini sauti yangu aliizoea upesi. Kila mara ilibidi nipaze zaidi, nimfinye sikio, nimsugue kifua kwa ngumi. Nikamwambia Pemi aite. Maskini, mwanamke wa watu hajawahi kulitamka jina la mumewe miaka thelathini na moja, ndiyo adabu yetu. Akafungua mdomo mbele ya wanaume wale wote, ikatoka sauti ya kumwamsha mtoto kwenye kitanda cha bembea. Ugmaram hakuisikia.

"Wewe," nikamwambia Kheraj. "Njoo hapa. Mwite."

Akaja kwa magoti. "Kaka," akasema. "Kaka yangu, tafadhali, vuta pumzi."

Hakuna kitu.

"Kaka, nakuomba."

Hakuna kitu. Nikamsugua kifua, akavuta pumzi kidogo, ya kuazima.

Ndipo Kheraj akapasuka. Sidhani alipanga. Miaka tisa ilitoka yote kwa mara moja, na kwa sauti ile ya kushindana na mashine za kufuma.

"Ndivyo ulivyo! Ndivyo ulivyo siku zote! Unaondoka kabla sijafika! Mwizi we! Ulimchoma baba yangu bila mimi!"

Kifua cha Ugmaram kikainuka juu, pumzi kubwa kuliko zote za siku ile, na macho yakafunguka.

"Ulichelewa," akasema.

"Nilichelewa? Nimetoka Surat! Siku mbili njiani! Usingeweza kungoja siku moja?"

Pumzi. "Nilingoja."

"Mwongo! Mwongo mkubwa wewe! Nilikuta majivu ya moto!"

Pumzi nyingine, bila mimi kuisukuma. Nilikodoa macho. Hasira ilikuwa inammwagia ndani kile ambacho vichupa vyangu vilivyokwisha havingeweza tena kumpa. Ile nukta ya Daktari Vyas ilikuwa inahimizwa, na mhimizaji wake alikuwa huyu bwana mnene mwenye shati jipya.

"Endelea," nikamwambia. "Usiache."

"Ulitaka ukoo uone wewe ndiye mwana peke yako! Sema!"

"Mei," akasema Ugmaram. Akavuta. "Ilikuwa Mei. Barafu..." Akavuta. "Barafu iliisha asubuhi."

"Barafu gani?"

"Ya baba. Nilimlaza..." Pumzi. "...kwenye barafu. Usiku na mchana. Ikaisha." Macho yake yalikuwa yamejaa maji. "Akavimba, Kheru. Uso ukaharibika. Sikutaka umwone."

Hata wenye fimbo walitazama chini. Ugmaram hakuwahi kumwambia mtu, hata Pemi. Aliona kuuelezea mwili wa baba yake namna ile mbele za watu ni kumvua nguo maiti, akachagua aitwe mwizi.

Kheraj uso wote ukamlainika, akaanza kulia kwa kwikwi, akakishika kichwa cha kaka yake, akakilaza kifuani kwake. "Kaka, kumbe," akasema. "Kumbe, kaka. Yamekwisha. Yamekwisha kabisa. Pumzika."

Na Ugmaram akapumzika. Aliposikia hivyo, nilimwona kwa macho yangu, ule mkunjo wa paji la uso ukafunguka, kope zikashuka, akatabasamu lile tabasamu la asubuhi. Nikahesabu sekunde kumi. Kumi na tano. Midomo ikaanza kugeuka.

Nilimpiga Kheraj kofi. Mwenyewe nilishangaa, mkono ulishakwenda.

"Usimsamehe! Usimsamehe kwanza! Mtukane!"

"Nesi-bai, siwezi, umesikia alivyo..."

"Nimesikia! Utamsamehe jioni! Sasa hivi mtukane au umzike!"

Kheraj alifuta pua kwa kilemba. Alimtazama kaka yake, machozi yanamchuruzika ndevuni, akakusanya pumzi, akapiga kelele: "Fala wewe! Amka!"

Pumzi.

"Ng'ombe! Uliuza ngamia wangu kwa bei ya mbuzi!"

Pumzi. "Alikuwa... kiwete."

"Kiwete ni wewe! Yule ngamia alikuwa na miguu mizuri kuliko ya mkeo!"

Pemi akaguna chini ya mtandio. Mtu mmoja nyuma akacheka, akajizuia. Lakini Ugmaram alikunja uso, akavuta, akasema kitu kuhusu miguu ya Kheraj mwenyewe ambacho sitakiandika.

Ikawa hivyo kwa saa mbili na robo, jua la Aprili likiwa utosini, sisi tumekaa kwenye kijisehemu cha kivuli kinachosogea. Nimeona watu wakifanya mambo mengi kwa ajili ya ndugu zao, ila sijaona jambo gumu kama lile. Mtu amejazwa huruma mpaka kooni, na kazi yake ni kutafuta maneno ya kuumiza. Alimtukana kwa mashamba, kwa harusi, kwa shati aliloazimwa akiwa na miaka kumi na mbili. Matusi mapya yalipoisha akaanza kurudia, na yaliyorudiwa hayakufanya kazi, kaka yake aliyazoea kama alivyoizoea sauti yangu. Basi akawa anageuka kuwauliza watu, "Nimtukane nini tena?" na wale wazee wenye vilemba, walionifukuza asubuhi, wakawa wanamnong'oneza. Bhomji alimpa matatu mazuri sana. Katikati ya tusi na tusi, Kheraj alikuwa anambusu yule mtu kwenye paji la uso, haraka, kwa siri, kisha anarudi kubweka.

Gari lilipofika saa nane na kitu, mhudumu aliruka na mtungi wa hewa, akasimama mlangoni.

"Huyu nani? Mbona anamtukana mgonjwa? Mtoeni!"

"Mwache," nikasema. "Huyo ndiye dawa."

Akampa dawa kama ile yangu, safari hii nyingi, kwa mpira wa mshipani, idondoke polepole. Hata hivyo Kheraj alipanda naye. Gari likaondoka mchangani na bado nilimsikia, sauti imeanza kukwaruza, akimwita kaka yake punda.

Kesho yake nilipata zamu ya mapumziko, nikapanda basi mpaka hospitali ya mjini. Ugmaram alikuwa amekaa kitandani, amevimba macho lakini mzima, anakula uji wa uwele kwa kijiko. Kheraj alikuwa kwenye kigoda pembeni. Pemi alisimama dirishani.

Ugmaram aliponiona aliweka kijiko chini. Uso wake ulikuwa na hofu ambayo jana hakuwa nayo hata alipokuwa anakufa.

"Nesi-bai, hebu uliza mwenyewe," akasema. "Tangu nimeamka hanisemeshi. Namwambia habari za jana anatikisa kichwa. Nimemwambia nilijua. Nilijua kile kipimo kitaniangusha, sikuwa mjinga. Lakini alikuwa amenyoosha mkono. Miaka tisa nimeungoja mkono huo, ningemwambiaje auondoe? Namwambia yote haya, ananitazama tu. Kama hajanisamehe aseme, nijue."

Kheraj alifungua mdomo. Ikatoka hewa tupu, na mlio mwembamba kama wa bawaba. Akajishika koo, akatikisa kichwa, machozi yakamlengalenga.

"Hana sauti," nikamwambia Ugmaram. "Ameimaliza yote kwako. Daktari ameniambia mlangoni kwamba amemkataza kusema wiki mbili."

Ugmaram alimtazama mdogo wake koo, na midomo iliyopasuka, na kile kiganja cha kulia ambacho weusi wake ulikuwa bado haujatoka. Kisha akajisogeza mpaka ukutani, akapiga godoro kwa mkono.

"Njoo ukae hapa, punda mkubwa wewe," akasema. "Sogea. Leo nitakutukana mimi."